Mallarmé: Malenga aliyeandika anwani kwa beti

Jina la Stéphane Mallarmé likitajwa mbele ya watu wenye kusoma vitabu, wengi hukunja uso. Huyu ni yule mshairi wa Ufaransa wa karne ya 19 ambaye mashairi yake ni fumbo ndani ya fumbo, na hata Wafaransa wenyewe, wenye lugha yao, huyasoma huku kitabu cha ufafanuzi kiko pembeni. Mimi leo sikuja na Mallarmé huyo. Nimekuja na Mallarmé mwingine, naye ni mtu yule yule mmoja: mwalimu wa shule aliyekuwa akirudi nyumbani amechoka, akaketi mezani, akachukua bahasha na kalamu ya wino, na badala ya kuandika anwani ya rafiki yake kama waandikavyo watu wote, akaiandika kwa ubeti wa mishororo minne, wenye vina na mizani kamili. Kisha akabandika stempu, akaitia bahasha katika sanduku la posta. Na barua ikafika.

Huenda msomaji akasema haya ni mambo ya upuuzi, mtu mzima kuchezea bahasha. Lakini nimeyapima maisha ya bwana huyu, nami naona kwamba bila ya kuyajua majonzi yake hatuwezi kuijua thamani ya mchezo wake. Kwa hivyo naomba tuanze mwanzo, tuje taratibu, mpaka tufike kwenye bahasha.

Mwana wa makarani

Mallarmé alizaliwa jijini Paris, Machi 18, 1842. Jina alilopewa ni Étienne, lakini aliitwa Stéphane, na ndilo alilojulikana nalo ulimwenguni. Kuumeni na kukeni kwao walikuwa watu wa ofisi. Tangu enzi za Mapinduzi ya Ufaransa jamaa zake walifanya kazi katika idara ya serikali ya kuandikisha hati na mali, na kazi hiyo ilikuwa ikirithiwa kama mtu arithivyo shamba la minazi. Naye alitazamiwa akae kwenye kiti kile kile na kujaza madaftari yale yale.

Mama yake alifariki mwaka 1847, mtoto akiwa na miaka mitano. Baba akaoa mke mwingine, na Stéphane akalelewa zaidi na wazazi wa mama yake, akawa mtoto wa shule za bweni. Furaha yake ilikuwa ni dada yake mdogo, Maria. Mwaka 1857 Maria naye akafariki, umri wake miaka 13. Basi kabla hajaota ndevu, kijana huyu alikuwa ameisha kuzika wawili katika watu aliowapenda kuliko wote.

Alipomaliza masomo katika mji wa Sens alitiwa kazini katika ofisi ile ya jadi. Hakukaa sana, wala hakuipenda. Alikuwa ameisha kuingiwa na mashairi ya Baudelaire, na ya yule Mmarekani Edgar Allan Poe. Ili amsome Poe kwa lugha yake mwenyewe, aliazimia kujifunza Kiingereza, na mwishoni mwa 1862 akavuka bahari kwenda London. Alifuatana na msichana wa Kijerumani, Marie Gerhard, aliyekuwa mlezi wa watoto katika nyumba ya watu. Walioana huko huko London, Agosti 10, 1863. Mwaka huo huo baba yake pia aliaga dunia.

Mwalimu asiyependa ualimu

Kiingereza kile ndicho kilichompatia ugali wake kwa miaka 30. Mwaka 1863 alipelekwa kusomesha Tournon, mji mdogo kando ya mto Rhône. Mwaka 1866 akahamishiwa Besançon. Mwaka 1867 akahamishiwa Avignon. Hapana hata mahali pamoja alipopata raha darasani. Wanafunzi walimfanyia mzaha, na wakaguzi wa shule waliandika taarifa za kumlaumu. Mshahara ulikuwa mdogo, baridi ya Tournon ilimtesa mwilini, na usiku, badala ya kulala, alikesha na mashairi.

Mwaka 1866 alipatwa na mashaka makubwa ya roho. Imani ya dini aliyolelewa nayo ikamtoka, akajiona yuko mbele ya utupu. Sisi tuliosoma chuoni, tukaandika aya juu ya ubao tukiwa hatujamaliza kung'oka meno ya utoto, ni vigumu kuufikiria utupu huo. Lakini tusimcheke. Alichokifanya ni kulishika neno kama mtu aliyevunjikiwa na jahazi ashikavyo ubao. Akaazimia kwamba neno lenyewe, likiwekwa mahali pake barabara, latosha kumpa mtu sababu ya kuishi. Hapo ndipo ulipoanza ule ugumu wake. Alifuta, akapunguza, akapindua sentensi, mpaka shairi moja likaweza kumchukua miaka.

Mwishoni mwa 1871 alihamia Paris, akasomesha katika shule kadhaa za jiji. Alikuwa na binti, Geneviève, aliyezaliwa 1864, na mwana wa kiume, Anatole, aliyezaliwa Julai 1871. Ili aongeze kipato alifanya kila kazi ya kalamu. Mwaka 1874 alitoa gazeti la mavazi na mitindo ya wanawake, akaliandika karibu lote peke yake kwa majina ya kubuni, mengi yakiwa ya kike. Likatoka mara nane tu. Mwaka 1875 ilitoka tafsiri yake ya shairi la Poe la kunguru, na picha zake zilichorwa na rafiki yake Édouard Manet. Mwaka 1876 likatoka shairi lake la Fauni, ambalo mtunzi wa muziki Claude Debussy alikuja kulitungia dibaji ya ala ambayo ilipigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na inapigwa hata leo.

Jeraha lisilopona

Mwaka 1879 mtoto Anatole aliugua. Yalikuwa maradhi ya baridi yabisi yaliyoshuka mpaka kwenye moyo. Rafiki mmoja tajiri, Robert de Montesquiou, alimletea mtoto kasuku ili amchangamshe kitandani. Oktoba 8, 1879, Anatole alifariki. Alikuwa na miaka minane.

Baba alitaka kumtungia mwanawe shairi kubwa la maombolezo. Akaandika vipande vya maneno juu ya vikaratasi zaidi ya 200, neno hapa, nusu ya sentensi pale, na hakuweza kuviunga. Vikaratasi hivyo havikuchapishwa mpaka mwaka 1961, miaka zaidi ya 60 baada ya kifo chake mwenyewe. Nimewahi kuona watungaji wa kwetu wakiomboleza wazee wao kwa beti 40 na 50, kina hakipotei. Huyu alikuwa bingwa wa vina kuliko wengi, na kwa mwanawe alishindwa kukamilisha ubeti mmoja. Ajuaye uchungu wa mtoto hatauliza kwa nini.

Sasa tumefika kwenye bahasha. Sisemi kwamba msiba huu ndio uliozaa mchezo ule. Nasema tu kwamba mtu aliyezichezea bahasha katika miaka ya 1880 na 1890 ndiye huyu, aliyekuwa na hesabu ya makaburi manne moyoni, kazi asiyoipenda asubuhi, na usiku shairi lisilokwisha. Mtu kama huyo akitafuta kitu cha kumchekesha kwa robo saa, hatafuti upuuzi. Anatafuta pumzi.

Ubeti juu ya bahasha

Tuutazame mchezo wenyewe ulivyokwenda. Barua iliandikwa ndani kama kawaida. Nje, mahali pa jina, njia, namba ya nyumba na mji, palikuwa na ubeti wa mishororo minne, kila mshororo mizani minane, na vina vikipishana mara nyingi, wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne. Ndani ya mizani hiyo 32 ilikuwa lazima jina la mtu liingie, na njia iingie, na namba iingie, na bado ibaki nafasi ya sifa au utani.

Msomaji wa pwani atakuwa ameisha kushtuka. Mishororo minne ya mizani minane ndio ubeti wetu wa utenzi! Tofauti ni katika vina: sisi vipande vitatu huwa na kina kimoja, na cha nne huchukua bahari ya utenzi mzima. Lakini kipimo ni kile kile, pumzi ni ile ile. Wazee wetu wa Lamu na Pate waliona kwamba kipimo hicho chatosha kusimulia vita na miujiza. Mfaransa huyu akaona kwamba chatosha kukaa juu ya bahasha. Yeye mwenyewe alieleza kwamba wazo lilimjia kwa macho. Alitazama umbo la bahasha, upana wake na ufupi wake, akaona ni umbo la ubeti wa mishororo minne. Ilikuwa kana kwamba mwenye kutengeneza bahasha alikuwa akiwatengenezea washairi.

Na mambo aliyoyafanya humo! Mchoraji Whistler alikuwa akikaa nyumba namba 110 katika njia ya Bac. Basi namba ile 110, ikitamkwa kwa Kifaransa, Mallarmé akaifanya kuwa kina cha mwisho. Jina la mchoraji Degas akalitia kina na ua liitwalo siringa, kisha akafurahi ndani ya ubeti wenyewe kwamba vina vimekubaliana. Kwa Renoir alicheza na msemo wa Kifaransa ambao kwa nje ni kusaga rangi nyeusi, na kwa ndani ni kukaa na huzuni. Akaonyesha kwamba mchoraji yule, kwa vitu vizuri avitazamavyo, hana wakati wa kusaga weusi. Kwa Claude Monet alitaja kijiji cha Giverny, na mji ulio karibu, na jimbo, vyote katika ubeti mmoja, na bado akapata nafasi ya kulisifu jicho la mchoraji. Mshairi Verlaine alipokuwa amelazwa katika hospitali ya Broussais, ubeti ulimkamia mpeleka barua kwa mzaha kwamba ole wake asipofika kitandani kwa mgonjwa. Nadhani mgonjwa alicheka kabla hajaifungua barua, na hiyo ni dawa isiyouzwa dukani.

Nataka msomaji azingatie jambo moja ambalo mimi naliona ndilo kubwa. Mashairi mazito ya Mallarmé yalikuwa na wasomaji wachache, na wengi wao hawakuyaelewa. Mwenyewe hakuona haya kwa hilo. Aliamini shairi lapaswa kuwa na pazia. Lakini ubeti wa juu ya bahasha ulikuwa na msomaji asiyeweza kudanganywa, naye ni mtu wa posta. Huyu si mwanachuoni. Ana mfuko begani, ana ngazi za kupanda, mvua inamnyeshea. Asipoelewa njia ni ipi na namba ni ngapi, barua imepotea na senti za stempu zimepotea. Basi mshairi mgumu kuliko wote Ufaransa alijitia kwa hiari yake katika mtihani wa mshairi mwepesi kuliko wote, na mkaguzi wake alikuwa ni mpeleka barua wa mtaa.

Alifaulu mtihani. Mwishoni mwa 1894 alizitoa baadhi ya beti hizo katika jarida la Kimarekani lililoitwa The Chap-Book, lililokuwa likichapishwa Chicago, na katika maelezo mafupi ya mwanzo akawatukuza watu wa posta, akisema kwamba katika hizo zilizochapishwa hapana hata moja iliyokosa kumfikia mwenyewe. Mimi napenda sana heshima hiyo. Washairi huwashukuru wafalme na matajiri waliowalisha. Huyu aliwashukuru wachukuzi wa barua waliomsoma.

Hati ya mkono

Jambo la pili ni mkono wenyewe. Mallarmé alikuwa na hati safi, ya mtu anayeiheshimu kila herufi. Mwaka 1887 mashairi yake yalipotolewa kwa mara ya kwanza kwa pamoja, hayakupangwa kwa herufi za chapa. Aliyanakili kwa mkono wake, na kurasa zile zikapigwa picha na kuchapishwa kama zilivyo, nakala zisizofika 50. Aliyeinunua nakala alinunua pia mwandiko wa mtunzi.

Sisi tuliolelewa katika kalamu ya utete twaelewa. Mwalimu wa chuoni hakumtaka mtoto aandike tu; alimtaka herufi ikae juu ya mstari wake, na mkia wa herufi usimle jirani. Barua za wazee wetu, zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zilianza kwa salamu ndefu zenye mpangilio wake, na mwenye kupokea aliitazama barua kwanza kwa macho kama mtu atazamavyo mlango wa nakshi, ndipo akaisoma. Bahasha nayo ilikuwa na adabu yake, jina la mpelekewa likitanguliwa na heshima zake. Kwa hiyo mtu wa pwani akimwona Mallarmé akihangaika na sura ya anwani hamshangai. Amwona ni mwenziwe.

Wala hakuishia kwenye bahasha. Mkono ule uliandika beti juu ya mapepeo ya karatasi ya mkewe na ya bintiye na ya rafiki zake. Iliandika juu ya mawe laini ya pwani ya Honfleur, juu ya mitungi ya pombe ya tofaa, na katika vikadi vya zawadi za matunda ya sukari kila mwaka mpya. Siku za Pasaka aliandika juu ya mayai yaliyotiwa rangi nyekundu, kwa wino wa dhahabu, kila yai mshororo mmoja na namba yake, ili mwenye kupewa ayapange mayai manne apate ubeti. Nani katika sisi asiyekumbuka leso? Mama zetu wamevaa maneno mabegani na viunoni kwa zaidi ya miaka mia, na jina la leso huwa salamu, au kijembe, au shukrani. Mallarmé angelipata kutembea Mombasa siku ya arusi, naamini angelisimama barabarani akasoma migongo ya watu mpaka jua litue.

Jumanne za njia ya Rome

Haya aliyafanya katika nyumba ndogo ya orofa, katika njia ya Rome, karibu na reli. Kila Jumanne jioni alikuwa akipokea wageni katika chumba cha kulia. Mezani paliwekwa chombo cha tumbaku, mwenyewe akisimama kando ya jiko la moto, na alipoanza kusema hapana aliyetaka kuondoka. Walipita hapo Whistler, na Debussy, na vijana waliokuja kuwa watu wakubwa wa fasihi, Paul Valéry na André Gide. Vijana wale walikuja kusikia maneno mazito juu ya ushairi. Lakini wengi wao walirudi majumbani kwao, na baada ya siku chache wakapokea bahasha yenye ubeti wa kuchekesha. Yule yule aliyewafunza uzito aliwaonyesha kwamba uzito si kununa.

Siku za likizo alikwenda Valvins, kando ya mto Seine karibu na msitu wa Fontainebleau, ambako tangu 1874 alikuwa amepanga nyumba ya mashambani. Alikuwa na mashua yake ndogo yenye tanga, akaipenda kama watu wa Lamu wapendavyo madau yao. Ualimu aliuacha mwishoni mwa 1893, afya ikiwa imeharibika, akapewa pensheni. Verlaine alipofariki Januari 1896, washairi walipiga kura na kumchagua Mallarmé kuwa mkuu wao. Ni cheo kisicho na mshahara wala ofisi, na kwa hiyo kilimfaa.

Mwaka 1897 alitoa katika jarida la Cosmopolis shairi ambalo kwa watu wengi ndilo lililofungua mlango wa ushairi mpya wa Ulaya, lile la kutupa dadu. Maneno yametawanyika juu ya karatasi, mengine kwa herufi kubwa, mengine kwa ndogo, na weupe wa karatasi unazungumza kati yao. Wataalamu wameandika vitabu vingi kulieleza. Mimi naongeza neno langu dogo: mtu aliyekaa miaka mingi akipima maneno yatakavyokaa juu ya kijikaratasi cheupe cha bahasha, yupi aje juu, yupi aingie ndani kidogo, namba iangukie wapi, mtu huyo hakuwa akipoteza wakati. Mkono ulikuwa ukijifunza. Mchezo na kazi vilikuwa vikichota kisima kimoja.

Mwisho wake

Septemba 8, 1898, akiwa Valvins, alishikwa na mshindo wa koo uliomziba pumzi. Ulipompita alikaa akamwandikia mkewe na bintiye, akawaagiza wayachome moto maandishi yake yaliyokuwa hayajakamilika, kwani hapana ambaye angeyafaidi. Asubuhi yake, Septemba 9, mshindo ulirudi mbele ya daktari aliyekuja kumtazama, na Mallarmé akafariki. Alikuwa na miaka 56. Alizikwa katika makaburi ya Samoreau, jirani na Valvins, pamoja na mwanawe Anatole. Nyumba ile ya kando ya mto leo ni makumbusho yenye jina lake.

Wosia ule wa moto haukutimizwa wote, na ndiyo sababu twajua mengi. Beti za bahasha nazo zilisalimika. Alikuwa ameisha kuzigawa, moja moja, kwa rafiki zake. Zilipokusanywa katika kitabu mwaka 1920, pamoja na zile za mapepeo na mayai, beti za anwani peke yake zilizidi mia moja. Kitabu kikubwa alichokiota maisha yake yote, kitabu cha kuueleza ulimwengu, hakikupata kuandikwa. Kitabu hiki kidogo cha beti za mchezo ndicho kilichopatikana.

La kwetu sisi

Kwa muda mrefu mabingwa wa Ulaya walizitazama beti hizi kama makombo ya karamu. Siku hizi wanazisoma kwa makini. Sisi huku hatukuwa na haja ya kungojea. Mashairi yetu mengi yaliyo bora yalikuwa ya mahali na ya siku: la arusi, la kumjibu jirani, la kuomba chombo kirudishwe, la kumpa pole mgonjwa. Muyaka wa Mombasa alitunga juu ya vita na juu ya mambo ya nyumbani, na hapana aliyemwambia ya nyumbani si ushairi. Shairi lililotumwa kwa mtu mmoja, kwa siku moja, kwa haja moja, halipungui kwa hilo. Mara nyingi ndilo linaloishi.

Kinachonisikitisha ni kwamba chombo chenyewe chatupotea. Vijana wetu hutumiana salamu kwa simu, nazo zafika kabla mtu hajafumba jicho, na sina ugomvi nazo. Lakini hazina sura ya mkono, wala hazikai ndani ya sanduku la nguo miaka 40. Na sisi Wakenya anwani zetu ni fupi mno, sanduku la posta na namba yake na mji, hata nyumba haitajwi. Hapo mtu atasema haiwezekani kutunga. Yawezekana sana. Tazama lugha yetu ilivyo karimu: ishirini, thelathini, arubaini, hamsini, sitini, sabini, themanini na tisini, zote zina kina cha ni. Lamu inakubaliana na salamu, na hamu, na kalamu. Mombasa inakubaliana na hasa na kurasa. Mallarmé alitoa jasho kuifanya namba 110 iwe kina. Sisi tumepewa vina bure na hatuvitumii.

Basi mwenye mgonjwa hospitalini, au mwana aliye masomoni mbali, au rafiki waliyekosana kwa jambo dogo, na atafute bahasha, aketi robo saa, apime mizani yake minane mara nne, aandike kwa hati yake bora aijuayo. Namba ya sanduku aiandike wazi, maana mtu wa posta ndiye msomaji wa kwanza na ana haki yake. Dhiki za mwandishi hazitaondoka kwa ubeti mmoja. Za Mallarmé hazikuondoka. Lakini siku ile, katika njia moja ya Paris, mlango uligongwa, na mtu akaipokea bahasha akatabasamu kabla ya kuifungua. Hilo lilikuwa kweli, na lilitokea zaidi ya mara mia.